Alipendwa Kwanza, Akatumiwa Baadaye: Historia ya Panya wa Kufugwa

Karibu kila mnyama tunayeishi naye aliingia nyumbani kwa mlango wa kazi. Ng'ombe aliletwa kwa ajili ya maziwa na nyama, punda kwa ajili ya mizigo, mbwa kwa ajili ya mawindo na ulinzi wa boma. Paka, ambaye leo hulala juu ya kochi, aliachwa asogee karibu kwa sababu ghala lilikuwa na panya. Mapenzi yalifuata nyuma, baada ya vizazi vingi vya kufaana. Panya haingii katika hesabu hiyo. Hakuna aliyemhitaji. Hatoi maziwa wala sufu, halindi mlango, na chakula chake ni kile kile cha mwenye nyumba, kwa hiyo kila anachokula ni hasara. Na bado, kwa zaidi ya miaka 200, wamekuwepo watu waliomfuga, wakampa jina, wakamlisha kwa mkono na kumwomboleza alipokufa. Watu hao huachwa pembezoni mwa historia, kana kwamba walichofanya ni mchezo tu. Makala haya yanadai kwamba walifanya jambo kubwa bila kulikusudia. Kwa panya, mpangilio wa kawaida ulipinduka: alipendwa kwanza, akapewa kazi baadaye, na kazi hizo, kuanzia utafiti wa saratani hadi utafutaji wa mabomu ya kutegwa ardhini, zilijengwa juu ya viganja vya watu waliomshika kwa sababu walifurahia kumshika.

Kabla ya kuifuata safari hiyo, neno lenyewe linahitaji kufunguliwa. Kiswahili kina neno moja, panya, kwa wanyama ambao wataalamu huwatenga: yule mdogo wa nyumbani, Mus musculus, ambaye hapa nitamwita kipanya, yule mkubwa wa kahawia wa bandarini na mitaroni, Rattus norvegicus, na panya buku wa Afrika, ambaye si ndugu wa karibu wa hao wawili. Kijapani nacho hufanya vivyo hivyo, kwani neno nezumi humtaja kipanya na panya pia. Neno letu limebeba mzigo mwingine. Mapito ya magendo ni njia za panya. Magenge ya vijana waporaji wa Dar es Salaam yaliitwa Panya Road. Methali husema panya wengi hawachimbi shimo. Katika mafundisho ya Kiislamu, yaliyolea fikra za Pwani kwa karne nyingi, panya yumo miongoni mwa wanyama watano ambao hata aliye katika ihramu anaruhusiwa kuwaua, na katika madhara yake hutajwa kuburuta utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba. Chuki hii haikuzaliwa na ujinga. Ilizaliwa na magunia yaliyotobolewa, nguo zilizotafunwa na misiba ya tauni. Anayetaka kueleza jinsi mnyama huyu alivyopendwa hana budi kuanza kwa kukiri kwamba waliomchukia walikuwa na sababu.

Ushahidi wa mapema ulio wazi kabisa unatoka Japani ya karne ya 18, na unatoka katika miji ya wafanyabiashara. Osaka ilikuwa soko kuu la mchele la nchi hiyo, mji wa maghala, na kwa hiyo mji wenye sababu nyingi za kumwogopa panya. Hapo hapo, mwaka 1775, kilichapishwa kitabu kiitwacho Yoso tama no kakehashi, kilichoeleza namna ya kufuga na kuzalisha panya kwa ajili ya kuburudika nao. Miaka 12 baadaye, mwaka 1787, kilitoka Kyoto kitabu kingine kidogo, Chingan sodategusa, kuhusu vipanya wa rangi mbalimbali, pamoja na maelekezo ya nani apandishwe na nani ili rangi inayotakiwa ipatikane. Gregor Mendel alisoma matokeo ya majaribio yake ya njegere mbele ya wenzake mwaka 1865. Karibu miaka 80 kabla yake, wafugaji wa Kyoto na Osaka walikuwa tayari wanaitumia kwa vitendo elimu ya urithi ambayo haikuwa na jina. Imani iliwasaidia: Daikoku, mungu wa utajiri ambaye huchorwa amesimama juu ya magunia ya mchele, ana panya kama mjumbe wake, na panya mweupe alihesabiwa kuwa dalili ya neema. Lakini imani peke yake haitoshi kueleza kitabu cha namna hii. Mjumbe wa mungu hutolewa sadaka, haandikiwi mwongozo wa kuchagua wazazi. Mwongozo huandikwa na mtu aliyekaa jioni nyingi mbele ya kizimba, akalinganisha watoto wa uzao huu na wa uzao ule, na akaona kwamba kila mmoja ana sura yake.

Kwamba wafugaji hao hawakuwa watu wachache waliopita na kusahaulika, vipanya wenyewe wanathibitisha. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walitangaza matokeo ya kusoma jeni za ukoo unaoitwa JF1, vipanya wadogo weupe wenye mabaka meusi, ambao asili yao ni Japani ingawa walipatikana tena Ulaya. Watafiti walikuta vipande vya urithi huo huo vimetapakaa ndani ya vipanya wa kawaida wa maabara duniani. Mapito yake yanaeleweka. Katika karne ya 19 vipanya wa mapambo wa Kijapani walivuka bahari, wakachanganywa na vipanya wa Ulaya na wapenzi wa huko, na uzao wa mchanganyiko huo ndio uliokuja kuingia maabara. Mwanasayansi wa leo anayeshika kipanya mweusi kwa mkono wenye glavu ameshika, bila kujua, kipande cha Kyoto ya mwaka 1787. Kilichomfikia hakikuandaliwa na chuo wala serikali. Kiliandaliwa na watu waliotaka kuona baka likikaa mahali fulani mgongoni.

Uingereza ilifika hapo kwa njia chafu zaidi. Bunge lilipopiga marufuku mwaka 1835 kupambanisha mbwa na fahali au dubu, wacheza kamari wa London walizidi kumgeukia panya. Panya kwa makumi na mamia walimwagwa ndani ya uwanja mdogo uliozungushiwa mbao, mbwa akaachiwa, na watu wakaweka dau juu ya idadi ambayo angeua kabla ya muda kwisha. Mchezo huo ulihitaji panya kila wiki, na wakamataji wakapata soko. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Jack Black, aliyejitangaza kuwa mkamata panya wa Malkia Victoria, na ambaye mwandishi Henry Mayhew alimhoji kwa ajili ya kitabu chake kikubwa juu ya maskini wa London, kilichotoka mwaka 1851. Black alijivika mkanda wa ngozi uliopambwa kwa sanamu za panya za chuma, na mwili wake ulijaa makovu ya meno yao. Mtu huyo, ambaye riziki yake yote ilikuwa kuwaondoa panya duniani, alimweleza Mayhew kwamba alipokuta panya wa rangi isiyo ya kawaida alimweka kando. Alimzalisha, akapata weupe na wenye mabaka, na akawauza kwa mabibi waliopenda kuwatunza katika vizimba vya kindi.

Mpinzani atasema hapa hakuna mapenzi, kuna biashara tu. Black aliuza kifo kwa wacheza kamari na akauza rangi kwa mabibi, na mfuko ulioingiza pesa ulikuwa mmoja. Ni kweli, wala sitaki kumtakasa. Lakini biashara ina pande mbili, na pingamizi hili linamtazama muuzaji na kumsahau mnunuzi. Yule bibi alinunua nini? Panya aliyekwenda uwanjani alinunuliwa kwa ajili ya dau. Panya aliyekwenda kwenye kizimba hakuwa na dau lolote juu yake, na hakuzalisha chochote isipokuwa furaha ya kumtazama na kumlisha. Soko la Black ni ushahidi kwamba furaha hiyo ilikuwa ya kweli kiasi cha kulipiwa. Tena matokeo yake yanasomeka mpaka leo. Mwaka 2012 watafiti walichunguza koo zaidi ya 100 za panya weupe wa maabara, na wakakuta kwamba wote wana badiliko lile lile la jeni linaloondoa rangi. Chini ya weupe huo wote walificha pia urithi wa panya wa kofia, yaani mwenye kichwa na mabega ya rangi na mwili mweupe. Maana yake ni kwamba weupe huo ulitokea mara moja, ndani ya panya ambaye tayari alikuwa wa kufugwa. Porini panya wa kofia ni shabaha ya bundi. Ili adumu hadi kuzaa ukoo mweupe ulioenea duniani, ilibidi awepo mtu aliyemwona mzuri na kumkinga.

Waliofuata walipenda waziwazi. Beatrix Potter, mtunzi na mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1866, alifuga panya mweupe aliyeitwa Sammy, na kitabu chake cha watoto cha mwaka 1908, kinachojulikana leo kama The Tale of Samuel Whiskers, alikitoa kwa kumbukumbu ya Sammy huyo. Katika hadithi yenyewe panya wawili wanamkamata mtoto wa paka, wanamfunga kwa kinyunga na kujiandaa kumpika. Panya mwovu wa darini na panya rafiki wa mkononi wamo ndani ya jalada moja, kwa kalamu moja, na hili ni fundisho kwa wanaodhani kwamba kumpenda panya ni kujifanya kipofu. Potter alimjua panya pande zote mbili. Wakati huo huo mapenzi yalikuwa yanapata katiba. Mwaka 1895 Walter Maxey alianzisha National Mouse Club, chama cha wafugaji wa vipanya kilichoweka vigezo vya rangi, masikio na mkia na kuandaa maonyesho. Mwaka 1901 mwanamke aitwaye Mary Douglas aliomba panya nao waruhusiwe, na katika maonyesho ya Aylesbury mwaka huo panya wake akashinda. Chama kikabadili jina mwaka 1912 ili kuwataja na panya. Douglas alipofariki mwaka 1921 hamasa ilipungua, na kufikia mwaka 1929 panya walikwisha kuondolewa katika jina. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1976 ndipo wapenzi wa panya wa Uingereza wakawa na chama chao wenyewe, National Fancy Rat Society. Mnyama mwenye faida hahitaji mtu mmoja wa kumbeba. Panya alibebwa na mwanamke mmoja, na alipoondoka, naye akashuka.

Daraja kati ya kizimba cha sebuleni na maabara ya kisasa lina jina na mahali. Jina ni Abbie Lathrop, na mahali ni mji mdogo wa Granby, jimbo la Massachusetts, Marekani. Lathrop alikuwa mwalimu aliyeacha kazi kwa sababu ya afya. Alijaribu kuku, hakufanikiwa. Karibu na mwaka 1900 alianza na jozi ya vipanya wachezaji, wale wenye asili ya Mashariki ya Mbali ambao huzunguka pale pale walipo kama pia, ili awauzie watu waliotaka mnyama wa kufuga nyumbani. Wakazaana hadi wakapita 10,000. Mwaka 1902 William Castle wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kununua kwake, na wengine wakafuata. Lathrop hakuwa mpeleka bidhaa tu. Aliandika nasaba kwenye madaftari, na alipoona vidonda na uvimbe usio wa kawaida kwa baadhi ya vipanya wake, aliwaandikia wanasayansi kuwauliza. Leo Loeb, daktari mtafiti, alithibitisha kwamba ni saratani. Wawili hao wakachapisha pamoja makala za kitaalamu zilizoonyesha kwamba uvimbe wa matiti hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, na kwamba kuondoa ovari huupunguza. Lathrop alifariki mwaka 1918. Mwaka 1921 Clarence Cook Little alichukua kipanya jike namba 57 kutoka katika mifugo yake, na kutoka kwa jike huyo ukatokea ukoo wa C57BL, ambao ramani ya jeni zake ilipochapishwa mwaka 2002 ikawa kipimo cha vipanya wote. Mfugaji wa chakula cha nyoka angeona uvimbe ule na kumtupa kipanya jalalani. Lathrop aliuona akataka kujua, kwa sababu alikuwa na jicho la mtu anayemtazama mnyama mmoja mmoja.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linaposimama. Kama hayo ndiyo matunda ya mapenzi, mtu atauliza, heri asingependwa. Upole uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi na watu waliotaka panya asiyeuma ndio uliomfanya awe rahisi kushikwa na mkono wenye kisu, na mamilioni wamekufa ndani ya vizimba ambavyo havina dirisha wala jina mlangoni. Sina jibu la kulifuta pingamizi hili, na sidhani kwamba lifutwe. Ninachoweza kusema ni kwamba linathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja: maabara haikuufanya upole huo, iliukuta umekwisha kufanywa na wengine. Na anayekuta kitu kimeandaliwa na mwingine ana deni. Deni hilo limetambuliwa polepole mno. Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya kudhibiti majaribio juu ya wanyama hai mwaka 1876. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliandika kanuni tatu ambazo sasa zinatajwa katika sheria za nchi nyingi: tumia njia nyingine inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu yao. Ukizitazama kwa makini, kanuni hizo ni jitihada ya kurudisha ndani ya maabara sehemu ya kile ambacho mfugaji wa sebuleni alikuwa nacho tangu mwanzo, yaani kumhesabu kila mnyama mmoja mmoja.

Wapo pia wanaosema kwamba yote haya ni upande mmoja. Binadamu anapenda, lakini panya hana analorudisha. Anafuata mbegu ya alizeti iliyomo kiganjani. Mpaka mwisho wa karne ya 20 ingekuwa vigumu kuwajibu kwa ushahidi. Ndipo Jaak Panksepp, mtafiti mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Ohio, alipoweka kipaza sauti maalumu karibu na panya waliokuwa wakicheza. Alisikia milio ya takriban kilohezi 50, juu sana ya kiwango ambacho sikio letu husikia, ambacho hukomea karibu na kilohezi 20. Alipowatekenya panya kwa vidole, milio hiyo iliongezeka, na panya wakaukimbilia mkono uliowatekenya bila kupewa chakula chochote. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba panya hujifunza kumfungulia mwenzake aliyenaswa kwenye mrija, hata kando kukiwa na chokoleti, na mara nyingi humwachia sehemu ya chokoleti hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Berlin waliwafundisha panya kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, na watu. Zawadi ilikuwa kuguswa na kuchezewa tu. Sidai kwamba panya anapenda kama mtoto anavyompenda mama yake. Nadai jambo dogo zaidi na lililopimwa: mkono wa binadamu unaweza kuwa, kwa panya, kitu cha kutafutwa kwa ajili yake wenyewe. Wafugaji walikuwa wakilisema hilo tangu enzi za Potter, na walionekana watu wa hisia tupu. Chombo kilipopatikana, ikaonekana kwamba walikuwa wanasikiliza.

Sura iliyo karibu nasi zaidi katika historia hii imeandikwa Morogoro. Bart Weetjens, Mbelgiji, alifuga panya na wanyama wadogo wa jamii yao alipokuwa mtoto, na kutokana na mazoea hayo alijua jinsi pua na akili zao zilivyo. Katika miaka ya 1990, akitafuta njia nafuu ya kupata mabomu yaliyotegwa ardhini, aliwakumbuka. Shirika lake, APOPO, lilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mnyama aliyechaguliwa hakuwa panya mweupe wa London bali panya buku, mwenye uzito wa kilo moja na ushee, anayeishi miaka mingi kuliko panya wa kawaida na ambaye ni mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga. Hapa hapakuwa na uzao wa miaka 100 wa upole wa kutegemea. Kilichotumika ni kile kile kilichotumika Kyoto, lakini ndani ya maisha ya mnyama mmoja: kitoto cha panya kinashikwa na wakufunzi tangu kikiwa na wiki chache, kinabebwa begani, kinazoeshwa sauti, harufu na jua, na ndipo kinafundishwa kwamba harufu ya baruti ina malipo ya ndizi au karanga. Panya aliyehitimu hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa dakika 30 hivi, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kitambua chuma hadi siku nne, kwa kuwa kitambua chuma hulia kwa kila msumari na panya hunusa baruti peke yake. Kuanzia mwaka 2007 wenzao walianza kunusa makohozi yanayoletwa kutoka katika zahanati na hospitali za Tanzania, wakibainisha wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini iliwapita.

Atakayesema kwamba hii ni kazi na si mapenzi ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo hoja yangu. Kazi ipo. Lakini haikuanza kama kazi. Ilianza kwa mtoto aliyefuga panya bila mpango wowote wa kuwatumia, akawajua kwa namna ambayo mhandisi asiyewahi kuwashika asingewajua. Na inaendelea kutegemea kuaminiana, maana panya anayeuogopa mkono hatanusa kwa utulivu mwisho wa kamba, katika shamba la nchi ya mbali. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alibainisha mabomu ya ardhini 39 na vilipuzi vingine 28 kabla ya Septemba 2020, alipopewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama lililoanzishwa London mwaka 1917. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022.

Limebaki pingamizi la maradhi, ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulitaja kwanza. Tauni iliwasumbua watu wa Lushoto tangu mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 2022 homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama wakiwemo panya, iliua watu mkoani Lindi. Je, si wazimu kumweka mnyama huyu kifuani? Jibu limo katika historia ya panya buku huyu huyu. Mwaka 2003 wanyama wadogo wa porini, wakiwemo panya buku, walisafirishwa kutoka Ghana hadi Marekani kuuzwa kama wanyama wa kufugwa. Walichanganywa na wanyama wengine katika biashara hiyo, virusi vya homa ya nyani vikaruka, na watu 47 wakahesabiwa kuwa wameugua kwa uhakika au kwa uwezekano mkubwa. Serikali ikapiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Mnyama ni wa jamii ile ile. Kilichotofautiana ni mikono. Wa Morogoro wanazaliwa ndani ya kituo, wanajulikana wazazi wao, wanakaguliwa na daktari. Wale wa mwaka 2003 walinaswa msituni wakauzwa kwa mtu aliyetaka kitu kigeni. Hata panya aliyezaliwa kizimbani anaweza kubeba maradhi, na mfugaji hana budi kunawa mikono na kuwatenga wageni. Lakini hatari kubwa ilitoka kwa waliotaka kumiliki bila kujua. Kwa hiyo sisemi mtu akamate panya wa darini amfanye rafiki. Nasema kinyume chake.

Vivyo hivyo kwa mkulima. Kumwambia mtu ambaye mahindi yake yamefukuliwa siku tatu baada ya kupandwa kwamba panya ni mnyama wa kupendeza ni kumkosea heshima. Lakini Chuo cha Sokoine kinachowalea panya buku ndicho pia chenye kituo cha utafiti wa panya waharibifu, kinachochunguza wanavyozaana kwa kufuata mvua na namna ya kuwapunguza mashambani. Kampasi moja, malengo mawili, wala hakuna kinachoumbuana, kwa maana yote mawili yanamtaka mtu amtazame panya kwa makini badala ya kumrushia jiwe na kugeuza uso. Chuki hulitazama kundi. Kwake panya wote ni panya. Aliyefuga, kama mtafiti wa shambani, alilazimika kuona kwamba huyu anaogopa na yule ni jasiri, huyu ana uvimbe na yule hana, huyu ananusa haraka kuliko wenzake. Katika uchunguzi huo ndimo kilimotoka kitabu cha Kyoto, daftari la Granby na kamba ya Kambodia.

Panya wa kufugwa huishi miaka miwili au mitatu. Anayempenda anajua tangu siku ya kwanza kwamba atamzika upesi, na kwamba hataachiwa chochote: si ngozi, si nyama, si shamba lililolindwa. Mapenzi ya namna hiyo huitwa ya bure, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini kilichofanywa bure kwa vizazi vingi, Osaka, London na Granby, ndicho kilichokuwa tayari pale dunia ilipohitaji kuelewa uvimbe wa matiti na kusafisha mashamba yaliyotegwa. London ile iliyowamwaga panya uwanjani wachinjwe kwa saa mkononi ndiyo iliyolizaa shirika lililomvika Magawa nishani, nayo ilitengenezwa ndogo ili ikae kwenye mkanda wake wa kazi.